Kisima Kinawasha Mji, Kihisi Chake Kina Njaa

Kisima kizuri cha mvuke pale Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, hutoa megawati 5, na vingine hupita hapo. Ni umeme wa kuwasha mji mdogo pamoja na viwanda vyake. Sasa shuka na bomba la kisima hichohicho hadi chini kabisa, kama kilomita 3 kutoka pale pundamilia wanapolisha, ambako joto limeshapita nyuzi 300. Weka huko kifaa cha ukubwa wa kidole gumba cha kupima presha na joto. Kinachotaka ni miliwati chache tu. Tochi ya simu yako inakula mara mia ya hizo. Hakizipati. Kisima kinachowalisha watu huku juu kinamlaza njaa mpimaji wake mwenyewe.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa mwaka wa nne, uhandisi wa umeme, aliniletea andiko la mradi wake nilipitie kabla hajalipeleka kwa wasimamizi. Jalada lilikuwa na mchoro: mnara juu ya ardhi, vijimstari vya mawimbi kama vya waifai vikishuka mwambani, na kule chini kiduara cha kijani kikipokea.

“Mwalimu,” akaniambia, “si simu siku hizi zinachajiwa bila waya? Basi na vihisi tuvichaji hivyohivyo, tuachane na nyaya.”

Nikamuuliza simu yake ikichajiwa bila waya huwa umbali gani na chaja.

“Iko juu yake.”

Saa mbili zilizofuata tulizimaliza kwenye maneno hayo matatu, na safu ya leo ni yale niliyomweleza, pamoja na machache niliyoyakumbuka alipokwisha kuondoka. (Natumia neno kihisi. Mafundi wengi husema sensa, lakini kila nikiliandika naona makarani wa kuhesabu watu wakiteremka kisimani na vishikwambi.)

Tuanze na jinsi kazi inavyofanywa. Lori la winchi linaegeshwa kando ya kisima. Kwenye ngoma ya winchi umeviringishwa waya wa chuma, unene wake kama njiti ya kiberiti. Juu ya valvu kuu kumesimamishwa bomba refu la kusubiria. Kifaa kinaingizwa humo, kinafungiwa, ndipo valvu inafunguliwa kidogokidogo ili presha isije ikakirusha. Harufu ya yai viza imetanda. Kila mtu ameziba masikio, kwa hiyo watu wanaongea kwa mikono. Waya unashuka. Kila baada ya mita kadhaa fundi anasimamisha winchi, anasubiri dakika chache kifaa kizoee joto la pale, anaandika kina na saa kwenye daftari, anaachia tena. Hana habari hata moja kutoka chini. Yote atayajua kifaa kikirudi juu.

Kwa miongo mingi kifaa hicho hakikuwa na umeme hata chembe. Waliofanya kazi kwenye visima wanayajua majina Amerada na Kuster. Ndani kuna saa ya kutia ufunguo kwa mkono, kijibomba kilichopindwa ambacho hujikunjua presha ikipanda, na sindano inayokwaruza kijibati chembamba kilichopakwa rangi nyeusi. Kikishapandishwa, kijibati kile kisichozidi kiganja huwekwa chini ya lenzi na mtu akasoma mkwaruzo mwembamba kama unywele, akaugeuza kuwa namba. Nimewahi kukishika kimoja. Kimekwaruzwa kwenye joto ambalo lingeua simu yoyote sokoni, na mstari bado unasomeka.

Vifaa vya sasa vina kompyuta ndogo na betri, vyote vimewekwa ndani ya chupa ya chai. Sitanii: ni kuta mbili za chuma zenye ombwe katikati, kama ile iliyoko mezani kwako asubuhi, ila hii kazi yake ni kuzuia joto lisiingie. Inazuia kwa saa chache tu, halafu lazima ipande. Ikichelewa, vilivyomo vinaiva. Ndiyo maana tunachopata kutoka chini ni picha za mnato. Leo kisima kina presha hii, miezi kadhaa baadaye kina presha ile. Kilichotokea katikati, maji ya baridi yalipopenya au ufa ulipofunguka, tunakikisia. Mtu anayetaka kihisi kikae chini mwaka mzima kikisema kila saa, anataka kitu chenye maana. Ugomvi wangu na yule kijana haukuwa juu ya haja hiyo. Ulikuwa juu ya chakula cha hicho kihisi.

Wazo la kwanza la kila mtu ni betri, na betri inastahili heshima kuliko inavyopewa. Betri ya lithiamu ya aina inayotumika visimani, ukubwa wa ile betri nene ya tochi ya zamani, ina volti 3.6 na saa-ampea 19. Zidisha, unapata wati-saa 68. Kihisi kinachokula miliwati 10 mfululizo kitaimaliza kwa miezi 9 na ushee. Kihisi kinacholala muda mwingi na kuamka mara chache, kikala wastani wa sehemu moja ya kumi ya miliwati, kwenye karatasi kingeishi miaka 78. Kwenye karatasi tu, kwa kuwa betri hujila yenyewe, na joto huongeza ulafi huo. Halafu kuna ukuta ambao hesabu haiuruki: lithiamu huyeyuka kwenye nyuzi 180. Kwa kuichanganya na magnesi unasogea hadi karibu nyuzi 200. Chini ya Olkaria bado una nyuzi 100 na zaidi za kuhangaika nazo.

Na betri haiko peke yake kwenye shida hiyo. Silikoni ya daraja la kijeshi hukadiriwa kwa nyuzi 125. Kuna silikoni iliyojengwa juu ya kihami inayofika nyuzi 200 na kitu, na kuna silikoni kabidi, ambayo watu wa NASA waliiweka kwenye tangi lenye joto na presha kama za sayari ya Zuhura, nyuzi 460, ikafanya kazi zaidi ya wiki 3. Ni jambo kubwa, lakini saketi zenyewe zilikuwa rahisi mno, wala duka la vipuri hapa mjini huzikuti. Nayasema haya mapema kwa sababu nimeona miradi inayotatua swali la umeme kwa ustadi, kisha inausukuma umeme huo ndani ya kipande cha silikoni kilichokwisha kukaangika.

Sasa turudi kwenye mnara wa kijana. Tuliifanya hesabu kwenye ukurasa wa nyuma wa andiko lake. Tandaza koili ya duara juu ya ardhi, kutoka katikati hadi ukingoni mita 50. Pitisha humo ampea 1,000 ukijumlisha mizunguko yote. Tuseme, kwa kumpendelea, kwamba mwamba hauli chochote. Kilomita 2 chini uga wa sumaku utakaofika ni nanotesla 0.2. Uga wa dunia yenyewe pale Naivasha ni kama nanotesla 33,000. Weka huko chini koili ya mizunguko 1,000, yenye kiini kizuri cha feraiti na upana unaoingia kisimani, na masafa yawe hezi 10. Itaokota kama mikrovolti 12. Ikiwa waya wake una ukinzani wa omu 100, nguvu unayoweza kuinywa haifiki nusu ya sehemu moja ya trilioni ya wati. Ili upate miliwati 1 tu, ule mkondo wa juu itakubidi uuzidishe mara 50,000.

Kijana alinyamaza, akazipitia sifuri zangu moja moja kutafuta kosa. Nilifurahi, ndivyo anavyopaswa kufanya mhandisi. Kosa halikuwapo. Uga wa koili hupungua kwa mchemraba wa umbali, na nguvu inayovunwa na koili nyingine hupungua kwa kasi kuliko hapo: umbali ukiongezeka mara 2, nguvu inagawanywa kwa 64, ukiongezeka mara 10, inagawanywa kwa milioni. Mwaka 2007 Marin Soljačić na wenzake wa chuo cha MIT waliwasha balbu ya wati 60 bila waya, koili zikiwa zimeachana mita 2, na kiasi cha asilimia 40 ya nguvu ikafika. Magazeti yakaandika, watu wakasoma mita 2, wakadhani baada ya miaka michache zitakuwa mita 200. Koili zao zilikuwa za upana wa sentimita 60 hivi, zimelinganishwa zikaimba sauti moja. Hata kwa ufundi ule umbali ulikuwa mara chache tu ya upana wa koili. Ukitaka kilomita 2 kwa njia yao, tafuta kisima chenye upana wa mamia ya mita. Hicho tunakiita bonde.

“Lakini Tesla,” akasema, “si alisema dunia nzima ni kipitishi?”

Alisema. Mwaka 1901 alianza kujenga mnara wa Wardenclyffe kule Long Island kwa fedha za J. P. Morgan, fedha zikakata, na mwaka 1917 mnara ukabomolewa. Jambo ambalo mashabiki wake hulipita haraka ni kwamba hicho kipitishi ndicho kinachokula mawimbi. Wimbi likiingia kwenye kitu kinachopitisha umeme, linazusha mikondo humo ndani, mikondo inageuka joto, wimbi linakonda. Katika mwamba wenye ukinzani wa omu-mita 100, wimbi la megahezi 1 linapoteza karibu theluthi mbili ya ukali wake kila mita 5. La hezi 10 linafika kilomita 1.6 kabla ya kupoteza kiasi hicho. Hivyo shuka chini kwa masafa, na ukishuka, kila kitu kinakuwa kikubwa, kizito na dhaifu.

Olkaria kwenyewe hali ni mbaya zaidi, na hapa kuna kejeli ninayoipenda. Wanajiofizikia hutafuta mvuke kwa kupima ukinzani wa ardhi. Juu ya hifadhi ya mvuke huwa kuna kofia ya udongo wa mfinyanzi uliobadilishwa na maji moto, na udongo huo hupitisha umeme vizuri sana, mara nyingi chini ya omu-mita 10. Wakiiona kofia hiyo kwenye ramani zao wanachangamka: chimba hapa. Kwa omu-mita 5 wimbi la megahezi 1 linakufa baada ya mita moja na kitu, na lile la hezi 10 linakonda kila mita 350. Kwa maneno mengine, alama ileile iliyotuambia kuna mvuke ndiyo kifuniko kinachozuia umeme wa kijana usipite.

Wapo watakaouliza mbona migodini ujumbe unapenya mwamba. Unapenya. Waaustralia walitengeneza mfumo uitwao PED: waya mrefu unatandazwa, masafa ya chini mno yanapita mwambani, na mchimbaji anasoma maneno machache kwenye kifaa kilichounganishwa na taa ya kofia yake. Baada ya mlipuko wa mgodi wa Sago, West Virginia, tarehe 2 Januari 2006, ambapo kati ya watu 13 walionaswa alipona mmoja, Marekani ilitunga sheria mwaka huohuo ya kulazimisha migodi iwe na mawasiliano bila waya. Lakini angalia kile kifaa cha mchimbaji kinakula wapi. Kinakula kwenye betri ya taa. Wimbi linakiletea habari, chakula kimekuja nacho kutoka juu asubuhi. Sikio hushiba kwa chembe ndogo mno, ndiyo maana redio yako inanasa stesheni ya mbali. Tumbo halina subira hiyo. Na mfumo ule ulikuwa wa kushusha maneno tu, kwa sababu mtu wa chini hana nguvu ya kupiga kelele zikafika juu. Miradi mingi ninayoletewa inachanganya sikio na tumbo. Inaonyesha kwamba ishara imefika mita kadhaa, kisha inaruka hadi kwenye neno kuchaji bila kuaga.

Basi kihisi kivune hukohuko kilipo. Joto si lipo? Lipo tele, na halifai kitu. Kipande cha kugeuza joto kuwa umeme hakili joto. Kinakula tofauti ya joto kati ya uso wake mmoja na mwingine. Chini ya kisima kilichotulia kila kitu kina nyuzi 300: maji, chuma, mwamba, kihisi chenyewe. Hakuna mteremko, hakuna kinachotiririka. Ni sawa na kuweka gurudumu la maji katikati ya ziwa. Kwenye visima vya kurudishia maji ardhini kuna matumaini kidogo, maana maji yanayoshushwa ni baridi kuliko mwamba ulioyazunguka, na tofauti ya nyuzi chache tu yaweza kutoa miliwati. Kama mtu anatafuta mada ya shahada ya uzamili, achukue hii bure.

Njia nyingine ni kijitabini kinachozungushwa na maji yanayopita. Wachimbaji wa mafuta wanaitumia siku zote: tope la kuchimbia linasukumwa chini kupitia mabomba, linazungusha tabini nyuma ya kekeo, umeme unapatikana, na vipimo vinarudishwa juu kwa kubanabana tope lenyewe mpaka presha yake juu ikapiga kama mshipa wa mkononi. Ni ufundi mzuri kupita kiasi, na umekuwa sokoni tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Lakini tope hilo lina pampu, na kifaa kinatolewa nje kila kekeo ikibadilishwa. Kijitabini kitakachokaa ndani ya kisima cha mvuke kwa mwaka kitakutana na silika. Maji ya Olkaria yanayeyusha silika huko chini na kuitema yakipoa. Nimeona bomba lililozibwa na silika mpaka tundu lililobaki likawa la kupitisha ngumi. Kijitabini kitakuwa sanamu.

Kilichobaki ni kile kisichoingia kwenye jalada zuri: umeme ushuke kwa waya karibu safari nzima, na uruke bila waya mahali pamoja tu ambapo waya haufai kupita. Mahali hapo ni ukuta wa bomba.

Kisima cha Olkaria kimevikwa mabomba ya chuma yaliyozungushiwa saruji. Lile la uzalishaji kwa kawaida ni la inchi 9 na 5/8, na ukuta wake una unene wa milimita 12 hivi. Ukuta huo ndio unaotenganisha mvuke wenye hasira na maji ya watu walio juu. Ukitaka kujua hali ya saruji iliyo nyuma yake, kama imepasuka bomba liliporefuka kwa joto, lazima kihisi kikae nje ya bomba. Toboa ukuta upitishe waya na umejitengenezea mlango wa kuvujia. Hapa neno “bila waya” lina haki yake yote: shubiri moja, pengine pungufu.

Na hata shubiri hiyo ina mtego wake. Msomaji mwenye jiko la induksheni anaujua bila kujua kwamba anaujua. Jiko lile linakataa sufuria ya alumini uliyonunua kwa bei nafuu, linataka chuma kinachoshikwa na sumaku. Sababu ni kwamba ndani ya chuma cha namna hiyo uga unaobadilikabadilika hauingii mbali. Unaishia kwenye ngozi ya juu, isiyofika hata robo ya milimita kwa masafa ya jiko, na nguvu yake yote inageuka joto papo hapo. Kwa ugali ni baraka. Sasa bomba la kisima ni chuma hichohicho. Weka koili yako ndani ya bomba, ipigie kilohezi 1, uga utazama milimita 0.7 tu na kukonda. Una milimita 12 za kuvuka. Unachofanya hapo ni kupika bomba, kihisi nyuma yake hakisikii hata harufu.

Tiba ni mbili. Shusha masafa hadi hezi 50, ngozi inakuwa milimita 3 na kitu, na kinachovuka ni asilimia mbili hivi: kidogo, lakini miliwati zinaweza kutoka humo. Au, iliyo bora zaidi, kipande kimoja cha bomba mkabala na kihisi kifanywe cha chuma cha pua kisichoshikwa na sumaku. Kwa hezi 50 uga unazama kwenye chuma hicho karibu sentimita 6, hivyo ukuta wa milimita 12 unakuwa kama pazia la chandarua. Kampuni za mafuta zinauza viungo vya aina hii, koili mbili zinazotazamana, moja kwenye bomba la ndani na nyingine kwenye la nje. Ni ghali, na kipande hicho cha bomba ni ghali kuliko majirani zake, lakini fizikia yake haina ubishi.

Sauti nayo inavuka chuma. Gandisha kipande cha pizo, kitu kinachogeuza umeme kuwa mtetemo na mtetemo kuwa umeme, upande mmoja wa bamba na kingine upande wa pili, kimoja kitetemeke, kingine kipokee. Chuo cha Rensselaer huko New York walipitisha wati 50 kwa njia hiyo kwenye chuma chenye unene wa zaidi ya sentimita 6. Chuma kizito ambacho uga wa sumaku unakiogopa, kwa sauti ni barabara ya lami. Shida ni gundi na joto: pizo ya kawaida hupoteza tabia yake ikikaribia nyuzi 350, na huanza kuchoka mapema zaidi.

Sasa niseme kile ambacho kijana hakutaka kukisikia. Kwa visima vya jotoardhi vya leo, vya Olkaria na hata vya Menengai, mshindani wa kweli wa umeme bila waya ni kihisi kisichokula kabisa. Uzi wa kioo, ndugu wa ule unaotuletea intaneti, ukishushwa kisimani unakuwa kipimajoto cha urefu wa kilomita 2. Unapiga mwanga mfupi kutoka juu. Kila mahali uzi unarudisha chembe ya mwanga huo, na rangi ya chembe hizo hutegemea joto la pale zilipotoka. Chini hakuna betri, hakuna silikoni, hakuna koili. Uzi nao una maradhi yake: hidrojeni ya kisimani huupenya uzi na kuutia giza, na koti la plastiki ya kawaida huungua, hivyo watu hutumia plastiki ya poliimidi kwa joto la kiasi na hata dhahabu kwa joto kali. Bado ni maradhi yanayotibika. Katika mkoba wa vifaa vya jotoardhi, fedha yangu ningeiweka hapo kwanza, na ile saa ya ufunguo nisingeitupa.

Nikubali hata hivyo kwamba kuna mahali ambapo waya wowote, wa shaba au wa kioo, haukaribishwi, na huko mradi wa kijana ungepokelewa kwa hamu. Finland wamechimba Onkalo, maghala ya zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba mgumu, wazike humo kwa miaka 100,000 mafuta ya nyuklia yaliyokwisha kutumika. Kila mtungi wa shaba unazungushiwa udongo wa bentonaiti ambao ukilowa unavimba na kuziba kila upenyo. Waya ukipita katikati ya udongo huo unaacha njia ya maji kuingia na sumu kutoka. Wanaotaka kujua yanayoendelea nyuma ya kizibo baada ya kukifunga hawana budi kuuliza bila waya. Mol, Ubelgiji, kwenye maabara ya HADES iliyochimbwa mita 225 ndani ya udongo wa mfinyanzi, watafiti wamefaulu kupandisha data hadi juu kwa masafa ya chini. Ni data ya kudondoka kama bomba bovu, lakini inatosha, kwa kuwa joto la ghala la nyuklia halibadiliki kwa dakika. Kwa upande wa umeme, kuvuka kizibo cha mita chache kwa koili kubwa zilizowekwa pande zote mbili kunawezekana: huko unaweza kutengeneza koili yenye upana wa handaki lenyewe, na joto ni la kuvumilika. Linganisha na kisima chetu cha upana wa sentimita 20 na nyuzi 300. Tatizo lina jina moja, lakini ni magonjwa mawili.

Nilimrudishia kijana andiko lake. Nilimwambia abaki na kichwa cha habari, abadilishe jalada, na autupe mnara. Achague kipande cha bomba la inchi 9 na 5/8, akiweke mezani maabara, ajaze saruji nyuma yake, aoneshe miliwati 1 ikivuka ukuta kwenye nyuzi 200. Akifanikiwa, atakuwa amefanya kitu ambacho mkaguzi wa kisima chochote cha Bonde la Ufa atasimama kukitazama.

Na kwa wengine mnaoniletea maandiko ya namna hii, ombi langu ni dogo. Ukurasa wa kwanza niandikieni mambo manne: umbali kati ya koili na koili, joto la mahali, miliwati zinazotakiwa, na ukuta wa katikati ni wa chuma gani. Nikiyaona hayo manne nitafungua ukurasa wa pili.